Sikumpita Mama Mkwe

Laiti ningemnyima Jotham simu yangu! Maziko yalikuwa yamekwisha, tuko Naitiri nyumbani kwa wakwe zangu, watu wanakunja hema, naye akaniomba simu awapigie wenye viti vya kukodi kwa kuwa yake ilikuwa imeisha chaji. Nikampa. Ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ningemnyimaje? Ujumbe ukaingia ikiwa mkononi mwake, akausoma yeye kabla yangu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "ati ulikuwa unakimbia tisini na moja pale Kamukuywa? Siku ya kuleta Mama?"

Nilimpokonya simu. Kweli, ujumbe ulikuwa wa trafiki. Gari langu lilinaswa na kamera ya kasi sokoni Kamukuywa, mahali ambapo mwisho ni hamsini, alasiri ile ile tuliyotoa mwili wa mama mkwe mochari ya Kitale kuuleta nyumbani. Nilipe faini, au kama nina la kusema, nikaseme Bungoma.

"Hii ni makosa," nikasema. "Nilikuwa nyuma yako njia nzima."

Jotham ndiye aliyeendesha gari la maiti. Alinitazama, akatazama jikoni walikokuwa akina mama, kisha akasema neno ambalo mpaka leo likinirudia kichwani nasikia moto kifuani.

"Mimi nilikuwa nabeba Mama polepole. Kama wewe ulikuwa tisini na moja, si ulinipita? Ulipita Mama, bana. Nilikuona. Nilinyamaza tu juu ya msiba. Ulitoka kwa laini ukapita, halafu ukaenda kusimama mbele huko kando ya barabara tupite, ndiyo watu wasijue."

Akina mama wakatoka mlango wa jikoni kunitazama.

Labda wewe unayesoma huoni ubaya wake. Kwa Wabukusu, kabila la mke wangu, gari la maiti halipitwi na gari la waombolezaji, hilo kwanza. La pili, mimi ni mkwe. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, wala hawabanani njiani. Mimi ni Mkalenjin wa kule Kwanza, karibu na Kitale, nauza mahindi, sikuzaliwa na desturi hizi, lakini nilipomwoa Phelista nilizibeba zote bila kulalamika. Miaka yote hiyo, nikimwona yule mama anakuja kijiani, naingia majanini nampisha. Siku moja nilimwona soko la Kitale akichagua sukuma wiki, nikavuka barabara, nikakaribia kugongwa na bodaboda, ili tu nisimbane. Yeye naye alijua. Alimwambia Phelista kwamba amepata mkwe mwenye adabu kuliko vijana wa hapo hapo. Sasa leo amelala kaburini na mwanawe anasema nilimpita. Nilimpita akiwa ndani ya jeneza!

"Nyinyi Wakalenjin, watu ya mbio," akasema Mukhisa, amu yake Phelista, mtu asiyeacha mzaha hata matangani, "hata na maiti mnashindana?"

Wachache walicheka. Mimi sikucheka.

Nilijitetea. Nilisema mshale wa spidi wa gari langu umekufa zamani, umelala kwenye sifuri, lakini kwani mtu huhitaji mshale kujua kwamba anafuata maiti? Nilisema njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye shada la maua lililofungwa mlango wa nyuma wa gari la Jotham. Nilisema mengi. Tatizo ni kwamba sikuwa na shahidi. Gari langu lilijaa sufuria za kukodi na viti vya plastiki, hakuna hata mtu mmoja. Basi la waombolezaji lilibaki nyuma sana, likatukuta tunalisubiri njia panda ya Naitiri ili tuingie bomani pamoja kwa mstari. Wa kwenye basi walishuhudia jambo moja tu, kwamba pale njia panda nilikuwa nimesimama nyuma ya Jotham. Na hilo Jotham hakulikana.

Mama Nakhungu, dada wa marehemu, ndiye mkubwa wa boma sasa. Kwangu naye ni mama mkwe vilevile, kwa hiyo hanisemeshi ana kwa ana. Alikaa mlangoni ameelekeza uso kwenye migomba, akamwambia mke wangu, "Phelista, ambia mume wako alete kondoo moja, aombe Mama msamaha pale kwa kaburi. Asipoleta, asikanyage hapa. Na wewe utakaa na sisi mpaka alete."

Kondoo ninaye. Wapo kumi zizini kwangu Kwanza, wananenepa bure. Lakini ukipeleka kondoo umekubali kosa, na kosa hilo sikulitenda. Niliwasha gari nikaondoka na sufuria za kukodi, nilizokuwa nimepakia kuzirudisha, zikiwa bado nyuma.

Mambo yote haya yangetosha kumtia mtu wazimu, lakini kilichoniumiza zaidi ni Phelista. Yeye alikuwa ndani ya gari la maiti siku ile, amekaa peke yake kwenye benchi karibu na jeneza la mama yake. Nilimtazama pale uani nikingoja aseme, "Mume wangu hakutupita." Aliinamisha kichwa, akawa anafunga na kufungua ncha ya leso yake. Nilijiambia ni uchungu wa mama. Mtu anayelia haangalii dirishani.

Nilipompigia simu jioni aliniambia, "Baba Kiplimo, leta kondoo yaishe."

"Nilete kwa kosa gani?"

"Si kondoo tu? Unao wengi."

"Phelista, unajua sikumpita."

Akasema amechoka, akakata. Kila nilipopiga ilikuwa hivyo hivyo. Leta kondoo. Lipa hiyo faini. Achana na hiyo maneno. Mke gani huyu anayetaka mumewe abebe aibu isiyo yake? Nilikuwa nikila ugali peke yangu jikoni na kuongea na jiko.

Ndipo nikakumbuka traka. Gari hili nililinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, na chama hakikopeshi gari mpaka kitie ndani yake kile kidude kinachoonyesha liko wapi na linakwenda kasi gani, wasije wakaibiwa. Kidude kilikuwa kimejificha nyuma ya dashibodi muda wote, hakina shemeji wala hakijui matanga. Kitasema ukweli. Niliamka asubuhi nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba, nikaenda Kitale kwa mama anayeitwa Chepkorir, aliyekifunga.

Alifungua kompyuta, nikamtajia siku na saa. Akaangalia. Akaangalia tena, akasogeza miwani.

"Mzee," akasema, "kuja kwanza uangalie hapa."

"Niangalie nini na mimi ndiye niliyekuwa naendesha?"

"Si uangalie tu kabla sijatoa—"

"Mama, piga chapa! Tia muhuri wa duka lako! Kutoka mochari mpaka Naitiri, yote."

Alinitazama kama anayetaka kusema tena, akaona uso wangu, akapiga chapa. Nilizikunja karatasi nikazitia bahasha bila kuzitupia jicho. Ungenikuta pale ungedhani nimepewa hati ya shamba. Kwa nini nizisome? Mtu anajua alivyoendesha gari lake.

Bungoma, kwenye ofisi ya trafiki, ndiko walikonimaliza. Dirisha la kwanza waliniambia niende dirisha la pili. La pili wakaniuliza kama nimeshapinga kwa simu. Nikasema simu ndiyo iliyonileta. Wakanirudisha la kwanza, na la kwanza lilikuwa limefungwa kwa chai. Nilikaa kwenye benchi na watu wengine wenye bahasha, kila mmoja anasimulia alivyoonewa, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Bwana mmoja, Hiram, anayeuza vifaranga pale Mabanga, aliniambia yeye huja pale mara kwa mara na hajawahi kushinda. Nilimwambia mimi nitashinda. Nilimpigia bahasha yangu kofi.

Mwishowe nikaitwa na askari mmoja, Chelagat. Nilifurahi kusikia jina hilo la kwetu, nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, akaitikia vizuri lakini akaendelea kwa Kiswahili ili nisidhani atanipendelea. Nikamweleza kila kitu: maiti, mama mkwe, shemeji mwongo, shada la maua. Alisikiliza mpaka mwisho, nashukuru kwa hilo. Kisha akatoa karatasi kwenye bahasha, akatembeza kalamu mstari kwa mstari mpaka Kamukuywa. Kalamu ikasimama.

"Mzee Kigen, wewe umesoma hii?"

"Ndiyo ushahidi wangu."

"Kamera yetu inasema tisini na moja. Hii yako inasema tisini na tatu." Akaigeuza niione. "Nikiipokea, nitakuwa nimekuongezea."

Nilisoma. Nikasoma tena. Nilimwambia kidude kimeharibika. Akanionyesha mistari ya chini, gari likiwa limesimama njia panda ya Naitiri, sifuri, sifuri, sifuri. "Hapa hakijaharibika?" akauliza kwa upole. Nilipandisha sauti, nikasema kamera na traka vimekula njama. Watu wa benchi wakageuka kusikiliza. Nikasikia aibu. Akanirudishia karatasi zangu, akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, nilipe nikapumzike.

Nilienda nikakaa garini, madirisha yamefungwa, jua linanichoma. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mimi, tisini na tatu? Na maiti? Nilijaribu kukumbuka ile safari. Nilikumbuka sufuria zikigongana nyuma yangu kelele moja, hata injini sikuisikia. Nilikumbuka kwamba mochari tulichelewa, kwa sababu Jotham alisahau kibali cha maziko kwenye koti lake jingine na ikabidi mtu arudi Naitiri kukileta. Nilikumbuka yeye akitazama jua, maana kwao mwili wa mama mwenye mji hauingii bomani jua likishazama. Na nilikumbuka maua. Maua yale hayakuwa mbali nami hata mara moja.

Nikazichukua karatasi tena. Safari hii nilizisoma kama mtu anayetafuta. Kutoka Kitale, Kiminini, Kamukuywa, mpaka njia panda, namba zilikuwa zile zile, themanini na kitu, tisini na kitu. Hakuna mahali gari liliposimama. Hakuna hata moja! Jotham alisema nilimpita kisha nikasimama kando ili anipite tena. Karatasi inasema sikusimama mpaka njia panda, na pale njia panda basi zima liliniona nyuma yake. Basi sikumpita. Nilikuwa nyuma yake njia nzima, kama nilivyosema.

Lakini kama nilikuwa nyuma yake, nami nakwenda tisini na tatu, aliyekuwa mbele yangu alikuwa anakwenda ngapi?

Ndipo nikaelewa pia kwa nini kamera iliniona mimi tu. Gari la maiti lilifungwa matawi mbele na nyuma kwa ajili ya msiba, majani tele, namba zote zimefunikwa. Tena nikakumbuka jambo jingine. Jeneza lilipofunguliwa Naitiri watu watazame, kitambaa cha kichwa cha mama kilikuwa kimemshukia machoni na kichwa kimelala upande. Akina mama walinong'ona. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Nani alibeba huyu mama hivi?" Jotham akasema barabara ni mbaya.

Niliwasha gari, nikaenda Naitiri moja kwa moja. Ndiyo, nilikatazwa kukanyaga. Nilikanyaga.

Niliwakuta wote uani, wanapukuchua mahindi. Jotham aliponiona akainuka. "Kondoo iko wapi?"

"Kondoo sina. Nina karatasi."

Mama Nakhungu aligeuza uso kwenye migomba kama ilivyo desturi, nami nikasimama mbali kama ilivyo desturi. Niliitoa bahasha. Nilisema, "Hii ni sauti ya gari langu. Nitaisoma, kila mtu asikie ni nani aliyekuwa—"

"Usisome."

Alikuwa Phelista. Alikuwa ameinuka, punje za mahindi zinamwanguka kutoka mapajani.

"Usisome," akasema tena. "Mimi nilikuwa ndani."

Jotham akasema, "Phelista, kaa chini."

Hakukaa. Alizungumza akimtazama mama yake mdogo, si mimi. "Hakuna mtu alitupita. Jotham alikuwa anakimbia. Nilipiga kile kioo cha nyuma yake mpaka mkono ikavimba, nikimwambia polepole, polepole, hakusikia. Kwa kona Mama aliteleza. Sanduku iligonga mlango. Nililala juu yake nikaishika na mikono na miguu mpaka tukafika hapa. Ndiyo kitambaa ilitoka."

Sikuwahi kumsikia mwanamume mzima akilia vile. Jotham alikaa chini kwenye mabunzi, akafunika uso. "Jua lilikuwa linaenda," alikuwa anasema. "Kibali nilisahau mimi. Mngesema nimefanya Mama alale nje ya boma yake. Jua lilikuwa linaenda."

Hata Mukhisa hakupata mzaha.

Nilingoja furaha ije. Nilikuwa nimeshinda, sivyo? Jina langu limesafishwa mbele ya boma zima. Lakini nilichosikia ni uchungu tu, na nikamgeukia mke wangu, nikamuuliza hapo hapo mbele ya watu, jambo ambalo si adabu. "Na wewe ulijua. Siku zote hizi, ukaniambia nilete kondoo. Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mkwe," akasema. "Mkwe akikosa analeta kondoo, wanamcheka, inaisha. Mtoto aliyegongesha mama yake ndani ya sanduku, ataleta nini? Nani atamsamehe?"

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumuuliza kama mimi ni pipa la kutupia makosa ya nyumba yao. Sikupata nafasi, kwa sababu Mama Nakhungu alikohoa.

Hakunitazama. Aliendelea kuitazama migomba, akasema, "Phelista, uliza mume wako. Yeye alikuwa nyuma ya Mama?"

Phelista akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikasema ndiyo, njia nzima.

"Muulize, alikuwa karibu?"

Nikasema karibu sana. Nilikuwa naona maua. Bado nilidhani ananitetea.

"Basi muulize," akasema yule mama, "aliona Mama anakimbizwa hivyo, mbona hakupiga honi? Mbona hakuwasha taa? Yule mkwe dada yangu alikuwa anasifu, alikuwa anafanya nini huko nyuma?"

Nilitaka kusema mshale umekufa. Nilitaka kusema sufuria zilikuwa na kelele, na kwamba mimi ni mgeni kwa desturi zao, aliye mbele ni mwana wa marehemu, ningempigiaje honi? Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingeniokoa. Nilikimbia pamoja naye. Alikimbia kwa hofu ya jua, mimi nikakimbia ili nisiachwe na maua, na mama mkwe niliyempisha njiani miaka yote nilimfukuza kwa nyuma kwa tisini na tatu.

Kondoo walienda wawili, mmoja wa Jotham na mmoja wangu. Faini nayo nililipa, na karatasi za Chepkorir nikawashia jiko.

Siku niliyokwenda kumchukua Phelista, alikaa mbele kando yangu. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na yeye alijua, na nadhani naye alikuwa amenikasirikia. Gari lilikuwa tupu nyuma, sufuria tulikuwa tumezirudisha. Nilikwenda polepole mpaka malori ya miwa yakawa yananipigia honi na kunipita, madereva wananitukana. Tulipofika kwenye kona kabla ya Kamukuywa, nilimwona Phelista ananyoosha mkono wake nyuma, bila kugeuka, kiganja wazi, kama anayezuia kitu kisiteleze. Sidhani alijua anafanya hivyo. Aliuacha pale mpaka kona ikaisha.

Nikakanyaga breki, nikapunguza tena, na mshale ulikuwa umelala palepale kwenye sifuri.